Jumamosi tunaanza saa 3, si saa 4

Habari za jioni wanakikundi. Darasa letu la kawaida lina mtihani, kwa hiyo Jumamosi tutakaa kwenye mabenchi nyuma ya maktaba, saa 3:00 asubuhi.

1. Kila mtu aje na daftari la Historia, mada ya Vita vya Majimaji. Piga mstari wima, kama sentimita 6 kutoka kushoto. Kulia notsi zako kwa ufupi, kushoto maswali tu, mfano: "Kwa nini vita vilianza 1905?" Tutafunika upande wa kulia na kujibu kwa mdomo: kilimo cha lazima cha pamba, kodi, kazi za shuruti. (Wapenzi wa kalamu za rangi mnisamehe, kupaka rangi si kusoma!)

2. Kesho yake rudia maswali uliyokosa, kisha tena baada ya wiki.

3. Sh. 500 za kutoa kopi za maswali ya zamani zimfikie mweka hazina kabla ya Ijumaa saa 12 jioni.

Tafadhali jibu NIPO au SIPO leo kabla hujalala, nijue idadi ya kopi.