Mabango ya maduka yaandikwe sawasawa

Mhariri,

Duka la madaftari na kalamu kuandikwa "stationary" ni kosa linaloonekana mara nyingi mno hapa Kisumu. Neno hilo, lenye "-ary", lina maana ya kitu kilichosimama tuli, kama matatu iliyokwama kwenye foleni. Vifaa vya kuandikia ni "stationery", kwa "-ery", kutokana na "stationer", yaani muuzaji wake. Maneno haya hutamkwa sawa, kwa hivyo sikio halitamsaidia fundi wa mabango. Mwenye duka amwandikie neno kwenye karatasi, kisha alikague herufi kwa herufi likiwa bado ni mchoro wa penseli. Rangi ikishakauka, kurekebisha ni gharama. Vilevile, kwa Kiingereza cha Uingereza tunachofundishwa, leseni ni "licence"; kutoa leseni ndiko "license".

Msomaji,
Kisumu