Mutt inapoikataa sahihi ambayo GnuPG imeikubali

“Fundi, nimefungua barua ya mhasibu kwenye Mutt, naambiwa sahihi haikuthibitishwa. Tumeingiliwa?” Simu za namna hii tunazipokea sana, na mara nyingi hakuna aliyeingiliwa. Mutt ni programu ya kusoma barua pepe; GnuPG (amri yake ni gpg) ndiyo inayokagua sahihi ya kidijitali, alama ya kuonyesha nani kaiandika barua na kwamba haijabadilishwa. Usifute kitu. Soma kwanza maneno ya GnuPG yanayotokea juu ya barua, kwa sababu onyo la Mutt ni lilelile kwa matatizo tofauti kabisa.

Ukiona “No public key”, huna ufunguo wa umma wa mwandishi, ule wa kukagulia sahihi yake, basi. Ukiuchukua kwenye hifadhi ya funguo ya keys.openpgp.org na gpg ikalalamika “no user ID”, ujue mwenyewe hajathibitisha anwani yake pale; akutumie faili la ufunguo. Kisha someaneni alama ya ufunguo (fingerprint), zile herufi na tarakimu 40, kwa simu. Piga namba unayoijua tangu zamani, si ile iliyo kwenye barua.

Kinachowachanganya wengi ni hiki: gpg inasema sahihi ni nzuri, Mutt inakataa. Mteja wetu mmoja alikuwa amenakili muttrc, yaani faili la mipangilio ya Mutt, ya rafiki yake. Ndani yake mpangilio wa pgp_good_sign, unaoiambia Mutt itafute maneno gani kwenye jibu la gpg, ulitafuta “Good signature from”, lakini kompyuta yake ilikuwa ya Kifaransa na gpg ikamjibu “Bonne signature de”. Sahihi haikuwa na kosa lolote. Mutt ilikuwa inasubiri Kiingereza. Tulibadilisha mstari mmoja:

set pgp_good_sign="^\\[GNUPG:\\] GOODSIG"

tukahakikisha pgp_verify_command, amri ambayo Mutt hukagulia sahihi, ina --status-fd=2 ili gpg itoe alama za [GNUPG:], kwani alama hizo hazitafsiriwi. Kama Mutt yako imejengwa pamoja na GPGME, maktaba inayounganisha programu na GnuPG, andika tu set crypt_use_gpgme=yes uachane na habari hiyo yote.

“BAD signature” ndiyo ya kuangalia kwa makini. Maandishi yamebadilika baada ya kutiwa sahihi. Mara nyingi mkosaji ni seva ya ofisi inayobandika tangazo la “barua hii ni siri” chini ya kila barua. Hata nukta moja inatosha. Lakini kama ndani mna namba ya akaunti ya benki, usilipe mpaka mzungumze.

Ukishindwa, tuletee barua nzima uliyoihifadhi kwenye faili kwa herufi C. Usitume picha ya skrini, wala usiifowadi, maana inabadilika njiani. Ufunguo wa siri baki nao. Hatuuhitaji, na fundi yeyote akikuomba, mkatalie.