Chombo Kilichotua Mwezini Siku za Mwandamo

Austin, Texas
20 Machi 2025

Baba yangu mpenzi,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Sisi huku ni wazima na funga inaendelea vyema. Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli kwamba kampuni ya jirani zetu imefikisha chombo mwezini bila mtu ndani yake, nami nikakuahidi kukuandikia kwa kirefu.

Ni kweli. Chombo hicho huitwa Blue Ghost, na kiliundwa na Firefly Aerospace ya Cedar Park, mji ulio kaskazini ya hapa tunapoishi. Kilirushwa kutoka Florida tarehe 15 Januari, kikatua tarehe 2 Machi, saa 8 na dakika 34 usiku kwa saa zetu, nikiwa macho nikisubiri daku. Waongozaji walipothibitisha kwamba kimesimama wima kwa miguu yake minne, machozi yalinitoka, kwa sababu mwaka jana chombo cha kampuni nyingine, Odysseus, kilifika salama kisha kikalala ubavu.

Kilibeba vifaa 10 vya utafiti vya NASA, shirika la anga la Marekani. Kilichonivutia zaidi ni keekee ambayo haisagi udongo, bali huupuliza kando kwa gesi. Kila inaposhuka kiasi, husimama, na sindano iliyo kwenye ncha yake hupima joto. Ilifika takriban mita 1, nao wataalamu watatumia vipimo hivyo kujua ni joto kiasi gani linalotoka tumboni mwa mwezi na jinsi ulivyopoa tangu ulipoumbwa.

Tarehe 14 Machi, sisi huku tulipouona mwezi umepatwa na kuwa mwekundu, wakati kwenu ni mchana, chombo kilipiga picha za dunia yetu ikiliziba jua. Siku mbili baadaye jua likachwa huko, na baada ya saa kama 5 za giza na baridi kali, kikanyamaza. Hakikuundwa kustahimili usiku wa huko, ambao ni sawa na siku 14 za kwetu.

Sasa Baba, nawe unayeutafuta mwezi kila mwaka, fahamu kwamba Firefly walichagua siku zile za mwandamo kwa kuwa ndipo jua linapochomoza katika bonde la Mare Crisium, walikotua. Shawali ikiandama, ngoja jioni ya tatu au ya nne, kisha utazame karibu na ukingo unaong'aa, upande wa machweo. Utaona doa jeusi la mviringo. Ndilo bonde hilo, na chombo kipo hapo.

Nisalimie Mama na wadogo zangu wote.

Mwanao akupendaye