Wanangu mnaouguza wazee, kaeni kidogo niwaambie namna ya kuchagua kikundi cha wenzenu

Asalam aleikum wanangu wa Ngamiani, Makorora, Chumbageni mpaka huko Pongwe, hapa hapa Tanga. Anayeandika ni bibi yenu, nina miaka 71 na simu naibonyeza kwa kidole kimoja, mkikuta makosa msinicheke.

Juzi binti wa jirani kaja kunirudishia sufuria, nikamuuliza mama hajambo? Hakujibu, kaanza kulia palepale barazani. Anauguza mama yake kiharusi mwaka wa pili huu, peke yake. Nikamwambia huna wenzio wa kukaa nao? Akasema nipo kwenye kikoba bibi. Jamani, kikoba kizuri sisemi, lakini kule ukichelewesha hisa unapigwa faini, utamweleza nani kule kwamba jana usiku umemfokea mama yako mzazi kwa sababu kakojoa mara ya tatu na shuka kavu zimekwisha?

Ndo nasema, kikundi cha anayeuguza ni kile unachoweza kuitoa aibu yako pale na watu wasiende nayo sokoni.

Mimi nilihangaika. Marehemu mume wangu alilala miaka minne, upande wote wa kulia umekufa na maneno yamekatika. Kikundi cha kwanza nilichopelekwa, kikao cha pili tu mtu katoa chupa kwenye mkoba, eti dawa ya kufungua mishipa, elfu arobaini. Nilinunua, sijifichi. Sasa mkiona kikundi kinauza chupa nyie vaeni ndala zenu mwondoke, na hivyo hivyo mkisikia wanasema mzee anayesahau majina ya wanawe karogwa au yeye ndo mchawi, yale ni maradhi ya ubongo, kaeni mbali na watu hao.

Cha pili walikuwa watu wema mno, ila wao karibu wote walikuwa na wagonjwa wa kusahau, shida yao mzee anatoka usiku anapotea, wananifundisha kuficha ufunguo wa mlango. Wangu mimi hata kukaa hawezi, ufunguo wa nini? Kwa hiyo ulizeni kwanza, hapa watu wanauguza nini.

Cha tatu tulikuwa wanawake wanne tu, tunakutana barazani baada ya alasiri, mwendo wa miguu kutoka kwangu (mbali hutoenda, utaenda mara mbili basi). Mmoja wao alikuwa kamuuguza baba yake mpaka mwisho. Akaja kwangu akanionyesha, shuka ikunje mara mbili umlaze juu yake, goti la upande wa mbali likunje, mkono wake uweke kifuani, halafu shika shuka ya upande huohuo wa mbali penye bega na penye nyonga umvute aje kwako, anageuka kama mtoto. Kila saa mbili, mchana na usiku, mgongo usifanye vidonda. Mimi nilikuwa namburuta kwa makwapa miezi sita, mgongo unaniuma hadi leo.

Halafu wazee wenyewe wana chao, msiwachanganye. Kuna mabaraza ya wazee, muulizeni mwenyekiti wa mtaa. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mtu mzee akifika miaka 60, na wasiojiweza wanatakiwa kutibiwa bure, mambo ya kitambulisho cha matibabu mtayasikia hukohuko au kwa afisa ustawi wa jamii. Lakini mama na binti kikao kimoja, hapana. Wewe utasemaje umechoka naye yupo? Na yeye atasemaje kwamba unamlisha uji haraka haraka mpaka unampalia?

Nyie wavulana mnaouguza baba zenu nawajua mpo, mnaona haya. Kijiwe cha kahawa nacho kinatosha kama wapo wawili wa kukusikiliza bila kukutania.

Na usijiunge siku ya kwanza, kaa mara mbili tatu usikilize. Ukirudi nyumbani umechoka kuliko ulivyokwenda, tafuta kingine.

Yule binti nimemwambia Jumamosi aende kwa wale wa barazani, mama yake nitakaa naye mimi. Kasema bibi, uji hali kwa mtu mwingine. Nimemwambia niachie kijiko, tutaonana nae.