Wale mabinti wa viberiti

Mhariri, kila Mei Mosi mnatuandikia mgomo wa wafanyakazi wa Chicago tu, sawa, ila mbona wale mabinti wa kiwanda cha viberiti kule London hamuwagusi kabisa? Julai 1888 kama 1,400 hivi waligoma wakatoka nje, wengi wao wasichana wadogo tu, unasimama kutwa nzima, ukidondosha njiti unakatwa hela, ukiongea unakatwa, halafu ile fosforasi nyeupe, sumu ya kwenye vichwa vya njiti, inakuozesha taya mpaka mfupa, jamani inauma hata kusoma! Wiki mbili hivi wakashinda, faini zikafutwa na chama chao wakaunda. Ila sumu yenyewe Uingereza iliipiga marufuku kwa sheria ya 1908, miaka 20 baadae! Mwakani tunaomba nao muwape ukurasa.