Risala ya wanagenzi wa uchomeleaji, Likoni, Mombasa, kwa mgeni wa heshima

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Bwana Chifu, wazee wa mtaa, fundi wetu mkuu, wazazi na wanagenzi wenzangu: Assalaamu alaykum. Na wasio wa salamu hiyo, hamjambo nyote.

Twakushukuru kwa kuvuka. Feri yetu waijua, ikikwama hukwama na wote. Hatutakusifu sana leo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nasi shida zetu twataka zikufikie bila maji.

Sisi ni wanagenzi 23, na katika hao wasichana ni 6. Karibu wote tulimaliza kidato cha nne tukarudi kukaa barazani. Mimi ninayesoma risala hii niliuza maji ya chupa miaka mitatu kwenye foleni ya magari pale kivukoni. Habari ya nafasi za mafunzo yanayolipiwa na serikali niliisikia siku moja kabla ya kufungwa, tena kwa mteja aliyekuwa akingoja chenji yake. Iliyobandikwa kwa chifu ilikuwa imefunikwa na tangazo la mbuzi aliyepotea. (Bwana Chifu, utuwie radhi, lakini ndivyo ilivyokuwa.)

Siku ya kwanza fundi alinipa rodi ya kuchomelea na bamba la chuma, akaniambia nivute mstari. Rodi ikanasa palepale. Nikaivuta, ikanasa zaidi, mashini ikanguruma, nikadhani nimeiharibu mali ya serikali. Fundi akacheka, akaikatua, akasema, "Usiisukume, isikilize. Ikikaanga kama samaki kwenye mafuta, umepatia." Usiku macho yaliwaka kana kwamba yametiwa mchanga, mama akaniwekea vipande vya viazi vibichi mpaka alfajiri. Ngao za uso zilikuwa 4 kwa darasa zima, na mwenye haraka alichungulia moto bila ngao. Leo nikisikia mlio wa rodi kutoka nje ya ukuta, najua kama mwenzangu anaunga au anachoma tu.

Mheshimiwa, kuingia hapa kulikuwa kugumu, lakini si hilo lililotufanya tuandike. Jambo letu ni siku ya kutoka.

Mtihani wa ufundi wa serikali, huo ambao kila fundi anauita tredi testi, husimamiwa na NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, nao una gredi tatu. Unaanza gredi ya tatu, unapanda ya pili, kisha ya kwanza. Sisi tumelipiwa mafunzo pamoja na mtihani wa gredi ya tatu. Hapo ndipo ngazi ilipokatwa. Wa mwaka jana tuliwauliza wamefika wapi. Mmoja alikwenda kwenye yadi moja ya huku kwetu na cheti chake ndani ya plastiki, akaulizwa amefanya kazi wapi. Akasema ametoka chuoni. Akaambiwa arudi akiwa na uzoefu. Uzoefu ataupata kwa nani, ikiwa kila mlango unataka aje nao? Sasa anaendesha bodaboda, na cheti kiko kabatini kwa mamake.

Upande wa pili yuko fundi wetu huyu hapa. Ameunga mageti ya nusu ya mtaa huu, amepanda meli kutengeneza reli za ngazi, na hana karatasi hata moja. Zabuni ikitoka hawezi kuijaza, na sheria ya kutenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na walemavu haimgusi, kwa kuwa ujana ulishampita karakanani. Sera ya kutambua ujuzi wa awali, yaani kumpima na kumpa cheti aliyejifunzia kazini, ipo, Mheshimiwa, na imeandikwa kwa watu kama yeye. Tunaomba ofisi yako imletee hapa, mtahini aje amkute mashinini. Kumwambia akajaze fomu mtandaoni ni kumwambia asiende.

Kwa hiyo karakana hii moja ina karatasi zisizo na mikono, na ina mikono isiyo na karatasi. Dawa yake si mpya. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani inajua mkataba wa uanagenzi: unaandikwa, unasajiliwa, unasema kijana atafunzwa nini, kwa muda gani, na mwajiri atamlipa nini. Sisi hapa tulipelekwa kwa waajiri kwa mazungumzo ya simu. Wawili wetu walifagia stoo miezi miwili. Mmoja alitumwa chai hata jina lake likawa Chai. Kama pangekuwa na karatasi iliyosainiwa, angalau angekuwa na pa kuonyesha kidole.

Waajiri nao tusiwalaumu bila kuwasikiliza. Mwenye karakana ndogo anaogopa rodi zitamalizwa na mwanafunzi, anaogopa kijana ataungua na kesi iwe yake. Lakini kila mwajiri hutozwa ushuru wa mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na haruhusiwi kuukata kwenye mshahara wa mtu. Mwajiri anayefunza anaweza kudai arudishiwe gharama. Tulipowauliza mafundi wa barabara hii, hakuna hata mmoja aliyejua kwamba pesa hiyo ina njia ya kurudi. Wamejua ya kwenda tu. Hapo, Mheshimiwa, mkutano mmoja wa asubuhi na wenye karakana wa Likoni ungefanya kazi kuliko mabango kumi.

Kuna na hili la ofisi mbili. Tangu Katiba ya 2010 vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti, na mtihani uko kwa serikali ya kitaifa. Mwanagenzi hana ugomvi na Katiba. Ila akiuliza gredi ya pili italipiwa na nani, huku anaambiwa avuke, na ng'ambo anaambiwa arudi. Mwenda kwa miguu halipi feri, lakini siku zinakwenda.

Posho tutaigusa kidogo. Waliotutangulia katika KYEOP, mradi wa serikali wa ajira na fursa kwa vijana, walikuwa na shilingi 6,000 kwa mwezi wakati wa mafunzo. Yetu ilichelewa miezi miwili, na katika miezi hiyo tulipoteza wenzetu watano. Hawakushindwa na kazi, walishindwa na nauli na chakula cha mchana. Posho ikija baada ya mtu kuondoka, imemsaidia nani?

Tumesikia pia habari ya NYOTA, mpango wa serikali wa kuwainua vijana: shilingi 50,000 za kuanzia biashara kwa vijana wa miaka 18 hadi 29, na hadi 35 kwa wenye ulemavu. Wengine wetu tumeomba, na akipata mtu tutashangilia. Ila tuseme ukweli: kwa pesa hiyo unanunua mashini ndogo na grenda, halafu unaunga geti la kwanza la mteja na bawaba inang'oka wiki ya pili. Mtaji kabla ya mkono kukomaa ni deni la jina. Tungependa kwanza mwaka mmoja chini ya fundi, kwa mkataba, kisha gredi ya pili ilipiwe kama ilivyolipiwa ya tatu, halafu huo mtaji uje.

Ngao za uso hatuziombi kwa maneno mengi. Ni 19 zilizopungua.

Mwisho, Mheshimiwa, tumekuandalia zawadi. Kiti ulichokalia tangu asubuhi ni cha wanagenzi. Miguu imeungwa na wasichana, mgongo umeungwa na Chai. Hatukukuambia mapema ili usikikague. Ukikipeleka nyumbani kikayumba, kirudishe Likoni, fundi yuko.

Wako watiifu,
Wanagenzi wa uchomeleaji.