Zuhura, mtondogoo yako ni lini?

Zuhura wangu,

Habari za huko Lamu, wazima wote? Bibi mpe shikamoo yangu, miguu bado inamsumbua? Sisi huku Umoja tuko tu, baridi ya Julai imetukalia na mtoto anakohoa ila sasa afadhali. Nimekupigia tangu Jumamosi na kila saa uko mteja, ndio maana naandika, kadi yako imeninyima usingizi.

Ile ya manila ya kijani. Niliipata Ijumaa kwa boksi ya kanisa, nikaisoma hapo hapo kwa ngazi nimeshika mfuko wa sukuma kwa kwapa. Upande mmoja umechora dau, tanga umelipaka rangi ya chai mpaka karatasi imejikunja. Upande wa pili neno, MTONDOGOO, na sentensi moja: "Nitafika kwako mtondogoo." Basi. Hakuna tarehe!

Sheria yetu naijua, neno na sentensi, maana mtu ajitafutie. Nikafungua ile kamusi yangu ya inama, vile vitabu vya mitumba vya kando ya barabara, TUKI ya 1981, ile haina kava, nikaipata. Kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo. Siku ya nne ukitoka leo. Aki Zuhura nilifurahi, miaka yote hii nasema "baada ya siku nne" na kumbe kuna neno limekaa tu hapo, nikawa nahesabu na vidole ndani ya mat hadi mama wa kando yangu akaniuliza nahesabu nini, nikamfundisha, akashuka Donholm akilirudia.

Halafu nikashtuka. Siku ya nne kutoka lini? Siku uliyoandika ama siku niliyosoma? Muhuri wa posta wino umetapakaa, naona namba moja tu, ni 6 ama ni 8, na sijui kama ni ya siku ama ya mwezi.

Na tena, hiyo ni habari ama ni mfano wa neno? Kwa ile kadi ya bamvua uliandika maji yamepwa mpaka mashua zimelala mchangani, na mimi sikukimbia kuja kuzisukuma, nilijua ni mfano. Lakini hapa umeandika "kwako". Hukuandika kwake, hukuandika kwao. Hilo neno nimeliangalia mpaka limeanza kunichanganya.

Basi nikaamua ni kutoka Ijumaa. Jumanne nikapika chapati na ndengu, nikafua ile blanketi yako ya maua, nikaenda tao nikasimama pale mabasi ya pwani yanashukisha watu, kutoka saa kumi na moja mpaka saa tatu usiku. Kila aliyevaa buibui nilimwangalia mikono kwanza, kwa sababu wewe hina yako ni ya kidole kimoja. Mabasi matatu. Mvua ikaanza, nikarudi. Chapati zimeliwa na watoto wa Mama Njeri.

Kinachoniuma ni hiki. Juni nilikuwa Murang'a wiki mbili, mazishi ya mjomba, na Baba Otis anasema kuna mwanamke alikuja na kikapu akaniuliza, akakaa kwa ngazi kidogo akaenda. Baba Otis unamjua, jana si jana kwake, lakini kikapu hakujitungia. Kama ni wewe ulikuja kutoka huko kote ukakuta kufuli, Zuhura, nisamehe.

Na kuna kosa langu lingine, nimeligundua juzi nikipanga kadi zetu kwa mkebe. Kadi yangu ya mwisho, ile ya "utusitusi", niliandika 80100 badala ya 80500. Nimeituma Mombasa! Kwa hivyo pengine tangu Mei unaona nimenyamaza. Sikunyamaza. Nilikuandikia kuhusu ile saa ya jioni huku kwetu, kabla stima za barabara hazijawaka, mtu unamjua kwa kutembea tu uso huuoni, nikasema utusitusi wa Umoja una harufu ya mahindi choma na parafini. Niliipenda sana hiyo sentensi, natamani ikufikie hata mwakani.

Eti uliomba msamaha ati kadi zako si za duka. Hapa tao nazo ni simba na twiga tu, nani anataka. Nilisoma kadi ya kwanza rasmi ilitoka Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869 na haikuwa na picha hata, ni mahali pa kuandika tu, na watu waliipokea vizuri. Dau lako nimelibandika juu ya jiko, nitalitoa moshi ukizidi.

Ninachokuomba ni tarehe, kwa pembe, ndogo tu, haivunji sheria. Mimi naandika leo Alhamisi, 17 Julai.

Sasa nijibu. Ulikuja Juni ama hukuja? Ulikuwa na kikapu? Simu imeharibika ama umebadilisha laini? Bibi ndiye alikupa hilo neno, na anajua lingine la siku ya tano? Umekasirika? Unakuja kweli? Niambie siku, kwa jina lake kabisa, Jumatatu ama Jumanne, nitakuwa stendi na leso mbili, huku kunanyesha.

Wako,
Wanja